Samaki, Chura, Mjusi na Kuku: Nao Wanaumia, Basi Tuwapunguzie



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu wapenzi, wazazi na wanafunzi wa hapa Juba, mada ya leo huenda ikawachekesha baadhi yenu. Tunataka kuzungumza juu ya maumivu ya viumbe ambao kwa kawaida hatuwafikirii kabisa: samaki, chura, mjusi na jamaa zake, pamoja na ndege. Ng’ombe akiumwa hapa kwetu, ukoo mzima hukaa kikao. Mbuzi akivunjika mguu, hutafutwa mtu wa kumfunga. Lakini kambare anayegaragara ndani ya karai pale Konyo Konyo tangu asubuhi, au kuku aliyening’inizwa miguu juu nyuma ya bodaboda, nani anamuuliza hali?

Mtu atasema: “Sisi wenyewe dawa hatuna, wewe unatuletea habari za panadoli ya samaki?” Swali hilo ni la haki na tutalijibu, InshaAllah. Lakini kwanza tuangalie dini yetu imetufundisha nini, kisha wataalamu wamegundua nini, halafu tuone ni lipi linalowezekana katika nyumba zetu.

KUMPA RAHA MNYAMA NI AMRI

Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.), iliyomo katika Sahih Muslim, inajulikana hata na watoto wa madrasa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah ameandika ihsani katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Akaamrisha kisu kinolewe na mnyama apewe raha. Tusimame kidogo kwenye neno hilo. Kitenzi cha Kiarabu kilichotumika mwishoni mwa hadithi hiyo kinatokana na asili ile ile ya neno letu la Kiswahili “raha”. Maana yake ni kumwondolea mnyama taabu. Kwa hiyo kumpunguzia mnyama maumivu si mtindo mpya uliokuja na Wazungu. Ni amri tuliyonayo tangu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Na hadithi inasema katika kila jambo. Haikuishia kwa kondoo na ngamia.

Tena Allah (S.W.) ametujulisha katika Suratul An’aam (6:38) kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma kama sisi. Umma una haki zake.

DINI HAIKUWASAHAU HAWA WANNE

Wapo wanaodhani kuwa huruma ya dini ni kwa paka na mbwa tu, kwa sababu ya hadithi mashuhuri za mwanamke aliyemfungia paka na mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu. Tuwaangalie hawa wanne mmoja mmoja.

Ndege. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kiquraishi waliomfunga ndege wakawa wanamlenga mishale. Walipomwona wakatawanyika. Akawaambia kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Nyinyi vijana wenye manati, hadithi hiyo inawahusu. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas’ud (R.A.) habari ya ndege mdogo aliyechukuliwa makinda yake, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha yarudishwe kwa mama yao.

Chura. Abu Dawud amepokea pia kuwa tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kumtia chura ndani ya dawa, naye akamkataza kumuua. Chura, mnyonge kuliko wote, amelindwa hata mbele ya haja ya tiba.

Mjusi. Huyu ni mfano wa ajabu zaidi, kwa sababu yeye ametajwa miongoni mwa wanaouliwa. Lakini katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), anayemuua kwa pigo la kwanza ana thawabu nyingi kuliko anayemuua kwa pigo la pili, na wa pili ni bora kuliko wa tatu. Ninavyoelewa mimi, humo mna funzo hili pia: hata kiumbe unayeruhusiwa kumuua, huruhusiwi kumtesa. Ukilazimika, maliza kwa pigo moja.

Samaki. Hapa ndipo wengi tunapojisahau. Tunasema samaki hahitaji kuchinjwa, maiti wake ni halali, basi hakuna mjadala. Ni kweli, maiti wa baharini na mtoni ni halali. Lakini uhalali wa nyama ni jambo moja, na kumtesa kiumbe ni jambo jingine. Ibn Qudama katika kitabu chake al-Mughni amenukuu kuwa Imam Ahmad bin Hanbal aliulizwa juu ya samaki anayetupwa motoni akiwa hai, naye akasema jambo hilo halimpendezi. Samaki ni yule yule halali, lakini Imam hakuipenda namna ya kumfikisha kwenye sahani.

WATAALAMU WAMEGUNDUA NINI

Huenda mzee mmoja akasema: “Samaki ana damu baridi, haumii.” Kabla ya kulikubali neno hilo, tukumbuke kisa kimoja cha wanadamu. Mpaka miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za nchi tajiri, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo sana ya usingizi au pengine bila dawa ya maumivu, kwa sababu madaktari waliamini kuwa ubongo wa mchanga haujakomaa vya kutosha kuhisi maumivu. Mwaka 1987 daktari K.J.S. Anand na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watoto hao waliumia, na kwamba waliopewa dawa walitoka kwenye upasuaji wakiwa na hali nzuri zaidi. Subhaanallah! Kama wataalamu walikosea juu ya mtoto wa binadamu anayelia mbele yao, vipi kuhusu samaki asiye na sauti?

Mwaka 2003, Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walifanya majaribio kwa samaki aina ya trauti, ambaye sisi Afrika Mashariki tunaye katika mito ya baridi ya Mlima Kenya. Wengine walidungwa asidi ya siki au sumu ya nyuki mdomoni, wengine maji ya chumvi tu. Wale waliodungwa asidi au sumu walipumua kwa kasi, wakawa wanayumbayumba, na waliodungwa asidi walisugua midomo yao kwenye changarawe. Walikaa karibu saa 3 kabla ya kurudi kula, muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Na walipopewa mofini, dalili hizo zikapungua. Kama kutapatapa kule kungekuwa ni mshtuko wa mwili tu, kwa nini dawa ya maumivu ikawatuliza?

Kuhusu kuku, mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwawekea kuku wa nyama vyakula vya aina mbili, kimoja kikiwa na dawa ya kutuliza maumivu. Kuku waliokuwa wakichechemea walichagua chakula chenye dawa zaidi kuliko kuku wazima, na kadiri mguu ulivyokuwa mbaya ndivyo walivyozidi kukila. Tena wakatembea vizuri zaidi. Kuku hakuweza kusema “naumwa”, lakini alisema kwa mdomo wake kwa namna nyingine.

Wapo wanaopinga. Mtaalamu wa Marekani James Rose aliandika mwaka 2002 kuwa samaki hana ile sehemu ya ubongo ambayo binadamu huitumia kutambua maumivu, kwa hiyo harakati zake ni za mwili tu bila hisia. Hoja hiyo ina watu wake hadi leo. Lakini ndege naye ubongo wake haufanani na wetu, na bado hakuna anayedhani kuwa kuku aliyevunjika mguu haumii. Mwaka 2024 kundi kubwa la wanasayansi na wanafalsafa walitoa tamko mjini New York kwamba upo uwezekano wa kweli wa viumbe wote wenye uti wa mgongo, wakiwemo samaki, chura na reptilia, kuwa na utambuzi, na kwamba si haki kuupuuza uwezekano huo tunapoamua mambo yanayowahusu. Sisi Waislamu tunajua kanuni ya kuacha lenye shaka. Ukiwa na shaka kama kiumbe anaumia, na kumstiri hakukugharimu kitu, utachagua lipi?

DAWA ZIPO, LAKINI SI ZA KUCHEZEA

Sasa tuje kwenye dawa. Wanafunzi wanaotaka kusomea udaktari wa mifugo, sikilizeni vizuri.

Dawa za maumivu kwa viumbe hawa zipo, lakini hazifanani kwa wote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wa miaka ya 2007 na 2008 ulionyesha kuwa mofini ilimsaidia kasa wa maji baridi na aina moja ya mjusi, lakini haikumsaidia nyoka waliyemjaribu. Dawa nyingine, butofanoli, haikumsaidia kasa, na nyoka yule ilimsaidia kwa kipimo kikubwa tu. Mofini hiyo hiyo ilipunguza sana pumzi ya kasa. Maana yake ni kwamba kiumbe mwenye damu baridi si mbuzi mdogo. Hata joto la mwili wake hubadilisha namna dawa inavyofanya kazi.

Chura naye ngozi yake hunyonya kila kitu. Ndiyo sababu wataalamu humlaza kwa kumweka ndani ya maji yenye dawa ya ganzi, wala si lazima sindano. Kwa sababu hiyo hiyo, sabuni, chumvi au dawa ya kuua vijidudu ikimgusa humuunguza na kumwingia mwilini. Na kumtia kwenye barafu kunamfanya asitembee. Kutotembea si kutoumia.

Kwa samaki, moja ya dawa za ganzi zinazotumika duniani ni mafuta ya karafuu, zao lile lile lililoipa jina Zanzibar na Pemba. Ndani yake mna kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hata madaktari wa meno hukitumia. Kwa kiasi kidogo kinachopimwa kwa uangalifu, samaki hulala akafanyiwa kazi kisha akaamka katika maji safi. Hilo ni la wafugaji na watafiti wenye ujuzi, na samaki aliyetiwa dawa hapelekwi mezani ovyo.

Na sasa onyo. Msichukue vidonge vya maduka yetu ya dawa mkampa kuku au njiwa! Diklofenaki, ambayo watu wengi humeza kwa maumivu ya mgongo, imekuwa msiba kwa ndege. Huko India, Pakistan na Nepal, ng’ombe walipewa dawa hiyo. Walipokufa, tumbusi wakala mizoga yao, figo zao zikaharibika. Tumbusi wa aina tatu walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka michache. Chanzo kilijulikana mwaka 2004, na mwaka 2006 nchi hizo tatu zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Majaribio ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa inawaua hata tumbusi wa Afrika. Mwaka huo huo ikathibitika kuwa dawa nyingine, meloksikamu, ni salama kwao. Angalieni hekima iliyomo: nia ya kumtuliza ng’ombe ilikuwa njema, lakini huruma bila elimu iliua mamilioni ya ndege. Kwa hiyo dawa iwe kwa mkono wa mganga wa mifugo, naye aulizwe ni siku ngapi zipite kabla ya kula nyama au mayai.

“DAWA ZA WATU HAZITOSHI”

Turudi kwenye lile swali la haki. Katika mji ambao mama anaweza kujifungua bila dawa ya maumivu, na majeruhi akasafirishwa siku nzima kwenye barabara mbovu, ni haki kuzungumza juu ya kambare?

Jibu la kwanza: hakuna anayeomba mofini ya hospitali ipelekwe kwa samaki. Mwanadamu ni wa kwanza, na hilo halina ubishi. Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha kuwa hata nchi isiyo tajiri inaweza kuwafikishia wagonjwa wake mofini ya kunywa. Hospice Africa Uganda ilianza kazi hiyo mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliosomeshwa waiandike. Nasi tudai hilo kwa ajili ya wagonjwa wetu.

Jibu la pili: sehemu kubwa ya maumivu ya viumbe hawa hayahitaji dawa yoyote. Yanahitaji tuache kuyasababisha. Kamba inayokata mguu wa kuku haiponywi kwa kidonge, inafunguliwa.

Jibu la tatu, nalo ndilo zito: sisi watu wa nchi hii tumeyajua maumivu. Tumejua vita, mafuriko na kukimbia usiku. Mtoto anayekua akiona kiumbe akitapatapa na watu wazima wakicheka, anajifunza kitu. Anajifunza kuwa aliye mnyonge na asiye na sauti, taabu yake si kitu. Somo hilo haliishii kwa chura. Tumeshaona linapofika.

TUFANYE NINI?

Haya ni mambo machache ambayo kila familia inaweza kuyaanza leo, bila senti moja au kwa senti kidogo.

1. Kuku. Usimbebe kichwa chini. Mbebe kifuani au kwenye tenga lenye hewa. Wale wanaokuja kwa magari kwa njia ya Nimule wamesafiri masafa marefu. Ukiwanunua wape maji na kivuli kwanza. Aliyeumia mtenge na wenzake, maana watamdonoa, umweke kwenye boksi penye giza na utulivu. Kama mguu umevunjika na mganga hayupo, kumchinja haraka kwa kisu kikali ndiyo raha yake, na nyama yake ni halali yako. Kumwacha wiki nzima akijikokota “mpaka siku ya wageni” si uchumi, ni ukatili. Na asitiwe maji ya moto mpaka roho imetoka kabisa.

2. Samaki. Mama unaponunua samaki hai, mwambie muuzaji ampige pigo moja la nguvu kichwani kwa gongo, juu kidogo nyuma ya macho, kabla ya kumpaa magamba au kumpasua. Hilo halimharamishi, kwani samaki hana sharti la kuchinjwa. Kambare ndiye anayehitaji zaidi, kwa sababu ana kiungo cha kupumulia hewa, basi anaweza kuishi saa nyingi nje ya maji. Ushujaa wake huo ndio unaomtesa. Wauzaji wetu ni watu waungwana. Wateja 10 wakiomba jambo moja, mteja wa 11 hatahitaji kuomba.

3. Kobe, nyoka na mijusi. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai wenye mishipa ya fahamu. Kulitoboa ili kumfunga kamba ni kama kukutoboa wewe ubavu. Nyoka wa hatari akiingia nyumbani, aliye mzoefu ampige kichwani kwa pigo moja, asichomwe moto akiwa hai, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kuadhibu kwa moto. Wala tusidhani kuwa kichwa kilichokatwa kimekufa hapo hapo. Ubongo wa reptilia hustahimili kukosa hewa kwa muda mrefu, kwa hiyo kichwa kipondwe mara moja, kwa ajili yake na kwa usalama wako.

4. Chura. Watoto wasimmwagie chumvi kwa mchezo. Na nyinyi wanafunzi, hasa mnaosoma Uganda na Kenya na kupasua chura maabara, mna haki ya kumwomba mwalimu kwa adabu: achukuliwe chura mmoja kwa kundi badala ya kila mtu na wake, ahakikishwe kuwa amekufa kwa dawa kabla ya kisu, na panapowezekana zitumike picha na sanamu. Kumuuliza mwalimu hivyo si utovu wa nidhamu.

5. Vijana wenye vipaji. Vyuo vya Makerere, Sokoine kule Morogoro, na Nairobi vinafundisha udaktari wa wanyama. Nchi yetu ina mto mkubwa, ina kinamasi cha Sudd chenye samaki na ndege wasiohesabika, lakini mabingwa wa viumbe hao ni wachache. Kijana anayerudi na elimu hiyo atakuwa amefungua mlango wa sadaka yenye kuendelea.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kama tuna ujira kwa wanyama, alijibu kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna ujira. Samaki ana ini. Chura ana ini. Basi milango hiyo ya ujira iko wazi kwenye soko letu na kwenye majiko yetu, kila siku, nasi tunaipita tu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atulainishie nyoyo zetu, awaponye wagonjwa wetu, aipe nchi yetu amani, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kurehemu ili nasi turehemiwe. Aamiin.

Wallaahu A’lam. Wassalaamu ‘alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.